Wanafunzi wa Uuguzi Wapewe Mahali pa Kukosea

Katika miaka ya karibuni imekuwa fahari kwa vyuo vya uuguzi vya Nairobi, vya umma na vya binafsi, kuwaonyesha wageni chumba chao cha uigaji. Mgeni hupitishwa darasani na maktabani, kisha hufikishwa kwenye chumba chenye vitanda kadhaa ambamo wanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wamelazwa chini ya shuka nyeupe, baadhi yao wakipumua kwa mota na kutoa mapigo ya moyo yanayosikika kwa stethoskopu. Picha hupigwa na hotuba hutolewa kuhusu usalama wa mgonjwa. Kila inapofika Septemba 17, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ambayo mwaka 2025 ilielekezwa kwa watoto wachanga na watoto kwa jumla, picha za namna hiyo huongezeka. Sina ugomvi na fahari hiyo. Ninachohofia ni kwamba jambo lenyewe limeeleweka visivyo. Tumeuchukulia uigaji kuwa kifaa, na kwa kuwa ni kifaa tumeamini kwamba chuo kilichokinunua kimekwisha kufundisha usalama. Hoja yangu ni kwamba mwanasesere peke yake hafundishi usalama wa mgonjwa hata kidogo. Kinachoufundisha ni nafasi anayopewa mwanafunzi ya kukosea pasipo mtu kuumia, kisha kuketi na wenzake na kulieleza kosa lake kwa sauti. Chuo kinachokifanya chumba hicho kuwa ukumbi wa mtihani kinafundisha kinyume chake, yaani kinamzoesha muuguzi wa kesho kuficha.

Uigaji, kwa maana inayotumika katika mafunzo ya afya, ni kumweka mwanafunzi katika hali inayofanana na ya wodini, akiwa na mgonjwa wa kuigiza, dawa za kuigiza na muda halisi unaokwenda, ili atende kama ambavyo angetenda akiwa zamuni. Mgonjwa huyo anaweza kuwa mwanasesere, mtu aliyefunzwa kuonyesha dalili, au mwanafunzi mwenzake aliyejilaza kitandani. Si jambo geni. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford, nchini Marekani, ilipata mwanasesere mkubwa aliyeundwa na Martha Chase, mwanamke aliyekuwa akitengeneza wanasesere wa watoto, na wanafunzi wakamwita Bi. Chase. Walijifunza kumgeuza, kumwogesha na kumtandikia kitanda kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea huko Stavanger, Norway, alitoa Resusci Anne, ambaye hadi leo hutumika kufundishia namna ya kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Wazo lilikuwa moja katika visa vyote viwili: mkono usio na uzoefu usianzie kwenye mwili wa mtu. Lakini wazo hilo linahusu ustadi wa mkono, na usalama wa mgonjwa ni mpana kuliko ustadi wa mkono. Muuguzi anaweza kuchoma sindano vizuri kabisa, kwa mgonjwa ambaye sindano hiyo haikuwa yake.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati hutokea takriban matukio milioni 134 kila mwaka ya wagonjwa kudhuriwa na huduma isiyo salama hospitalini, na kwamba matukio hayo huchangia vifo vipatavyo milioni 2.6. Hapa kwetu, tukio ambalo wengi hawajalisahau ni lile la mwanzoni mwa mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, pale wagonjwa wawili walipochanganywa na mmoja wao akapasuliwa kichwa kutafutwa damu iliyoganda ambayo haikuwamo, kwa kuwa aliyekuwa nayo ni mwenzake. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi wawili walisimamishwa kazi, na nchi nzima ikajadili nani alaumiwe. Mjadala ule ulikuwa mkali, lakini ulipita bila swali ambalo mwalimu wa uuguzi angepaswa kulitanguliza: mgonjwa asiyeweza kusema jina lake hutambuliwa kwa nini, na nani, na mara ngapi, tangu atolewe kitandani hadi alazwe kwenye meza ya upasuaji? Kisa hicho kinaweza kuigizwa kesho asubuhi katika chuo chochote cha nchi hii. Vinahitajika vitanda viwili, wanafunzi wawili waliofumba macho na kufungwa bendeji kichwani, plasta ya kuandikia majina, simu inayoita kutoka chumba cha upasuaji, na muuguzi mmoja mwenye haraka. Gharama yake ni plasta na saa mbili za mwalimu.

Sivyo vyumba hivi vinavyotumika mara nyingi. Mwanafunzi wetu hukutana na mwanasesere hasa wakati wa mtihani wa vitendo, au wakati wa kuuzoea mtihani huo. Mtahini husimama pembeni akiwa na karatasi yenye hatua za utaratibu, kila hatua na alama yake, na mwanafunzi huzipitia akizitaja kwa sauti ili zisipotee: "Nimejitambulisha kwa mgonjwa. Nimemweleza ninachotaka kufanya. Nimenawa mikono." Hajanawa. Amesimama palepale alipokuwa, mikono mikavu, na mtahini ameridhika na kauli akatia alama ya vema. Ninaelewa kwa nini inakuwa hivyo, kwa sababu wanafunzi ni wengi, sinki ni moja na siku ni fupi. Hata hivyo tuangalie kinachojengeka katika akili ya kijana huyu baada ya miaka mitatu au minne ya kurudia jambo hilo. Anajifunza kwamba usalama ni maneno yanayosemwa mbele ya mwenye karatasi, kwamba hatua iliyotajwa ni sawa na hatua iliyotendwa, na kwamba kosa ni kitu kinachopunguza alama na kwa hiyo lisionekane. Siku akiwa peke yake usiku na wagonjwa thelathini, ambapo hakuna mwenye karatasi, sioni ni nini katika mafunzo hayo kitakachomfanya anawe.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, mara moja ambapo chumba hicho kilitumiwa inavyostahili. Kisa kilihusu mama mwenye mimba ya wiki 34, shinikizo la damu 170 kwa 110, ambaye alishikwa na kifafa cha mimba muda mfupi baada ya kupokelewa. Dawa inayotakiwa ni magnesiamu salfeti. Chupa yake ya mililita 10 yenye ukali wa asilimia 50 ina gramu 5 za dawa. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, yaani mililita 8, ambazo lazima ziongezwe mililita 12 za maji ya sindano zifike 20, kisha zisukumwe polepole kwa dakika zisizopungua tano. Mwanafunzi aliyekuwa kiongozi wa timu alivuta mililita 8 akazisukuma zilivyo, kwa kama nusu dakika. Mwezeshaji, ambaye ndiye aliyekuwa akitangaza vipimo, akasema kwamba mama sasa anapumua mara nane tu kwa dakika, dalili kwamba dawa imemlemea. Chumba kikanyamaza. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kutangua sumu ya magnesiamu, ilikuwa kwenye trei mbele yao na hakuna aliyeigusa.

Kama ungekuwa mtihani, hapo pangekuwa mwisho: sifuri kwenye hatua ya kuchanganya dawa, na anayefuata aingie. Kwa kuwa haukuwa mtihani, wanafunzi walivuta viti wakaketi kwa dakika arobaini, mara mbili ya muda wa zoezi lenyewe. Mwezeshaji hakuuliza kwa nini umekosea. Aliuliza, "Wakati ule ulikuwa unaona nini?" Yule kiongozi akaeleza kwamba alijua vizuri dawa ile huchanganywa. Aliyatafuta maji kwenye trei, hakuyaona, akaona aibu kuuliza mbele ya wenzake huku mama akitukutika. Maji yalikuwa kwenye droo ya chini, pamoja na vifaa vya dripu, kama yanavyowekwa katika wodi nyingi. Kisha mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekuwa ameshika mkono wa mwanasesere muda wote, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi niliona hakuchanganya. Nilinyamaza kwa sababu yeye ni wa mwaka wa nne."

Aibu ya kuuliza na woga wa kumkosoa mkubwa: katika uzoefu wangu, sehemu kubwa ya madhara ninayoyajua yalipitia katika mojawapo ya milango hiyo miwili, na hakuna mhadhara unaoweza kuifunga. Sisi hulelewa tusimkatize mkubwa anapozungumza, na malezi hayo yana uzuri wake, lakini mwanafunzi huyaleta yote wodini, ambako mkubwa ni daktari, au sista msimamizi, au mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja. Humfundishi ujasiri kwa kumwambia awe jasiri. Unamfundisha kwa kumpa maneno na kumfanya ayaseme mara nyingi mpaka yasimkwame kooni: kwanza kuuliza, "Daktari, tumeshaichanganya dawa hii?", asiposikilizwa, kutamka hofu yake, "Nina wasiwasi na dozi hii", na ikibidi, kusimamisha kazi, "Naomba tusimame, mgonjwa hayuko salama." Maneno haya hayana ukosefu wa adabu ndani yake. Ni magumu tu kwa anayeyasema mara ya kwanza, na ni heri mara hiyo ya kwanza isiwe saa nane usiku mbele ya mama anayekata roho. Vivyo hivyo kwa kosa lililokwisha kutendeka. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika hospitali anayeumbuliwa na kifo hicho si yule aliyeficha. Mwanafunzi aliyewahi kusema mbele ya wenzake "nilisukuma dawa bila kuichanganya", akasikilizwa bila kudhihakiwa, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupiga ripoti siku atakapokosea kwa mtu halisi, wakati bado kuna dakika za kumwokoa.

Wanaopinga uigaji huanza na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba wao walifunzwa wodini kwa wagonjwa halisi, na wakawa wauguzi wazuri. Hoja hii inawahesabu waliofaulu na kuwasahau waliolipia kufaulu huko. Aliyechomwa sindano mara tano kutafutwa mshipa alikuwa mgonjwa wa wodi ya umma, asiye na fedha za kwenda kwingine wala ujasiri wa kukataa. Tena inachukulia kwamba wodi ya leo ni ile ya jana. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, iliyoanza mwaka 1927 ina kampasi zaidi ya 70 hivi sasa, na vyuo vingine vimeongezeka kando yake, lakini vitanda vya kujifunzia na wauguzi wa kuwaelekeza wanafunzi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Unaweza kukuta wanafunzi wanane wamezunguka kitanda kimoja, wa nyuma wakiona mabega ya wa mbele. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, na kwa miezi hiyo mitano wodi nyingi za umma hazikuwa na mtu wa kumfundisha mwanafunzi chochote. Zaidi ya hayo, hatari kubwa haziji kwa ratiba. Mwanafunzi anaweza kumaliza muda wake wote katika wodi ya uzazi ya Pumwani au ya hospitali ya kaunti bila kuwapo siku kifafa cha mimba kinapotokea, au akawapo na akasogezwa pembeni ili wazoefu wafanye kazi, jambo ambalo ni haki ya mgonjwa.

Ukweli uliomo katika hoja hiyo ni mdogo lakini lazima ulindwe. Mwanasesere hana ndugu wanaolia mlangoni, hana harufu, hachoki wala hachoshi, na muuguzi ambaye hajakaa na mgonjwa usiku kucha hajawa muuguzi bado. Ndiyo maana ninaziogopa tarakimu kutoka nje zinapotumiwa bila masharti yake. Mwaka 2014 baraza la kitaifa la bodi za uuguzi za Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vyuo kumi, ambapo wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu na baadhi yao wakabadilishiwa hadi nusu ya saa za wodini kwa uigaji. Haikuonekana tofauti ya maana katika maarifa yao, katika umahiri wao, wala katika kufaulu mtihani wa leseni. Mwaka 2023 baraza la wauguzi la Uingereza liliruhusu vyuo kuhesabu hadi saa 600 za uigaji kati ya saa 2,300 za vitendo. Hapa kwetu, chuo kinacholipa hospitali ada ya kupokea wanafunzi kitaisoma nusu hiyo kwa furaha. Lakini vyuo vile kumi vilikuwa na wawezeshaji waliofunzwa kwa kazi hiyo, vikundi vidogo, na mazungumzo yaliyopangwa baada ya kila zoezi. Bila hayo, saa iliyoondolewa wodini na kupelekwa kwa mwanasesere ni saa iliyopotea, na mimi nisingekubali chuo cha Kenya kipunguze hata saa moja ya wodini kabla hakijaonyesha kina nani wa kuyaongoza mazungumzo hayo.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, na haikutoka mbali. Mpango wa Helping Babies Breathe, ulioanzishwa mwaka 2010 kwa uongozi wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, hufundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kutumia mwanasesere mdogo anayejazwa maji. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, watafiti waliwafuatilia wahudumu waliopata mafunzo hayo ya siku moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisumbua: miezi kadhaa baadaye wahudumu walikuwa wamekuwa hodari zaidi kwa mwanasesere, lakini walichokuwa wakiwafanyia watoto halisi katika chumba cha kujifungulia hakikuwa kimebadilika. Mtu mwaminifu hawezi kuyaruka matokeo haya. Yanasema kwamba cheti cha semina, hata chenye alama za juu, kinaweza kuwa na uhusiano mdogo sana na kinachotendeka kitandani, na yanaigusa moja kwa moja tabia yetu ya kumpeleka mwanafunzi kwenye chumba cha uigaji mara moja kwa muhula kisha kumtangaza kuwa amefunzwa.

Watu wa Haydom hawakuuacha uigaji. Walibadili namna ya kuutumia. Mwanasesere alihamishwa kutoka ukumbi wa semina akawekwa pale pale wanapojifungulia akina mama, na mazoezi yakawa ya dakika chache, ya mara kwa mara, wakunga wenyewe wakifanya pamoja katika siku zao za kawaida za kazi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, na ulinganisho wa namna hiyo huacha mlango wazi kwa sababu nyingine. Lakini mpango mpana uliokua kutokana na kazi hiyo ulifanyika baadaye katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yakaonyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko yote tuliyo nayo, na linatoka kwa jirani ambaye ana uhaba kama wetu: zoezi fupi, la mara nyingi, karibu na kitanda, likifuatiwa na mazungumzo.

Hapo ndipo suala la gharama hupata jibu. Wanaosema kwamba ni kosa kununua mwanasesere wa mamilioni ya shilingi huku hospitali za kaunti zikikosa glavu wanasema kweli kuhusu mwanasesere huyo, ila wanakosea wakidhani kumkataa yeye ni kuukataa uigaji. MamaNatalie, mwanasesere ambaye hutumika sana kufundishia uzazi katika ukanda huu, hana umeme wala kompyuta. Mwezeshaji humvaa kiunoni kama aproni, hujaza mfuko wa damu bandia, na kwa kuwa anayezungumza na kulalamika maumivu ni mtu halisi, mwanafunzi hulazimika kumjibu, kumtuliza na kumwomba ruhusa. Mwanasesere wa bei kubwa ana nafasi yake katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunza kumtambua mgonjwa, plasta na mwenzake wanatosha.

Kutambua mgonjwa kunanileta kwenye jambo ambalo mafunzo haya hulisahau karibu kila mahali nilipopita, nalo ni lugha. Visa vya uigaji huandikwa kwa Kiingereza, mgonjwa huigizwa kwa Kiingereza na alama hutolewa kwa Kiingereza. Katika wodi ya Nairobi makabidhiano ya zamu hufanywa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huulizwa kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya kwao, na ndugu yake hufafanua kwa Sheng. Makosa hupenya katika mianya hiyo. Muuguzi anayeuliza "Wewe ndiye Wanjiku?" atajibiwa "ndiyo" na mgonjwa mwenye homa kali ambaye hata hakusikia jina, na wodi moja inaweza kuwa na akina Wanjiku watatu. Anayesema "Mama, niambie majina yako yote matatu", kisha akasubiri, akalinganisha na kilichoandikwa mkononi na kwenye faili, amefanya ukaguzi. Tofauti ya maswali hayo mawili haionekani kabisa katika zoezi la Kiingereza ambalo mwanasesere hana jina. Vivyo hivyo mama anayeambiwa mtoto ameze kijiko kimoja "mara tatu" bila kuelezwa kijiko gani, ambaye nyumbani ana cha chai na cha kulia chakula. Wanafunzi wanaweza kuyaigiza haya kwa lugha wanazozitumia kweli, na wao wenyewe ndio watakaokuwa waandishi bora wa visa hivyo.

Inabaki hoja ninayoiheshimu kuliko zote, inayotolewa hasa na wauguzi walio kazini. Wao husema kwamba makosa hayatokani na mwanafunzi kukosa mazoezi. Yanatokana na muuguzi mmoja kuachiwa wodi nzima, na dawa mbili zenye chupa zinazofanana kuwekwa rafu moja, na dripu zinazohesabiwa kwa macho kwa sababu mashine haipo. Kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi usalama ni kumtwika mzigo wa mfumo. Nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo hayo, na ndiyo sababu nasema zoezi likionyesha wodi yenye wauguzi wanne na kila dawa mahali pake litakuwa limemdanganya mwanafunzi. Kisa kiandikwe kwa hali iliyopo: muuguzi mmoja, wagonjwa wawili wanaozidiwa kwa wakati mmoja, glavu zimebaki jozi tatu. Kikiandikwa hivyo, uigaji unageuka kuwa chombo cha kuufichua mfumo badala ya kumlaumu mtu. Katika zoezi lile la magnesiamu, msimamizi wa wodi ya uzazi ya hospitali wanakopelekwa wanafunzi wale alikuwa amealikwa kusikiliza. Alipomsikia yule kiongozi akieleza habari za droo ya chini, aliandika kitu kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata wanafunzi walikuta wodini kisanduku kimoja ambamo magnesiamu, maji ya kuchanganyia, kalsiamu na bomba la sindano la mililita 20 vimewekwa pamoja. Hakuna kamati iliyoketi wala bajeti iliyoombwa. Wauguzi wa wodi hiyo walikuwa wakiifungua ile droo kwa miaka, na kasoro yake ilionekana siku msichana wa miaka ishirini na mbili alipoulizwa alichokuwa akikiona.

Kwa hiyo Baraza la Wauguzi la Kenya linapokagua vyuo, kuhesabu wanasesere hakutalieleza mengi. Lingeuliza ratiba kwanza: ni saa ngapi zimetengwa kwa mazungumzo baada ya zoezi, na je, zoezi hilo hurudiwa baada ya siku chache au huishia muhula ujao? Lingeuliza ni walimu wangapi wamefunzwa kuyaongoza mazungumzo hayo, kwa kuwa kumuuliza mtu alichokuwa akikiona bila kumdhalilisha ni kazi inayofunzwa, na mwalimu hodari wa darasani anaweza kuwa hajui hata kuianza. Lingetaka mazoezi ya kujifunza yatenganishwe na mtihani, kwa siku na kwa watu, ili anayemsikiliza mwanafunzi akikiri kosa asiwe yule atakayempa alama. Lingeomba pia daftari la chumba hicho, lenye makosa yaliyojadiliwa bila majina ya waliokosea, pamoja na ushahidi kwamba nakala yake hufika kwa wasimamizi wa wodi ambako wanafunzi hao hupelekwa, na kwamba wauguzi wa wodi hizo hualikwa kufanya zoezi pamoja nao. Mambo haya yanahitaji muda wa walimu, na walimu wetu ni wachache na wamechoka, kwa hiyo vyuo vitalazimika kuchagua pa kuweka fedha. Chuo ambacho hakina mwezeshaji hata mmoja aliyefunzwa kiahirishe kununua mwanasesere wa pili, kimpeleke mwalimu mmoja akafunzwe, na akirudi kimpunguzie vipindi vya darasani ili apate nafasi ya kuwafundisha wenzake.